Mashine Inazunguka, Joto Hakuna

Alhamisi, saa kumi na nusu jioni. Mvua ilinyesha alfajiri ikakatika, na tangu hapo mawingu yamekaa tu, hayaondoki wala hayamwagi. Ziwa limetulia, lina rangi ya bati. Mwanangu Minza amelala. Nina kikombe cha chai iliyopoa na nusu saa ya kuandika, labda pungufu.

Nimechoka, lakini si ule uchovu wa kawaida. Asubuhi nimefanya jambo ambalo silipendi, na siwezi kulieleza bila kuanza na mashine.

Kwa usiyenijua: naishi Igogo, huku juu kwenye mawe, na nafua mashuka ya gesti mbili za Nyegezi, karibu na stendi. Nina mashine ya kufulia na mashine ya kukaushia, zote mtumba wa nje. Ya kukaushia, draya, ndiyo inayonipa kula. Mashuka ya gesti yanatakiwa kurudi siku ile ile, na huu ni msimu wa mvua. Kama si mvua, ni wadudu wa ziwani. Huja kama moshi, siku wapo, siku hawapo. Ukianika shuka jeupe nao wapo, wanalijaa. Ukimpangusa mmoja anakuachia mstari wa kijani, unarudi kwenye beseni.

Jumatatu draya iliacha kutoa joto.

Ngoma inazunguka. Taa inawaka. Dakika zinapungua kama kawaida. Unafungua mlango baada ya saa nzima, shuka bado bichi, na lina baridi utadhani limetoka kwenye mtungi.

Kwanza nilidhani ni umeme mdogo. Jioni huku kwetu kila mtu anapopika, balbu zinafifia mpaka unauona waya wake ndani. Nikangoja mpaka Jumanne saa nne asubuhi, umeme ukiwa na nguvu zake. Vilevile. Nikaangalia kitufe, labda Minza alikigusa kikaenda kwenye hewa baridi. Hapana. Nikasafisha chujio la manyoya ya nguo, ingawa nilikuwa nimelisafisha Jumamosi. Nikachomeka pasi kwenye soketi ile ile, ikanichoma kidole. Basi umeme upo. Jirani yangu akaja, akaweka sikio kwenye mashine, akasema imeisha gesi. Anajua friji, kwa hiyo kila kitu kinaishiwa gesi.

Jumatano nikaanika nje. Wadudu walikuwepo. Nilifua mashuka yale yale mara mbili.

Sasa niseme habari ya Jumatatu.

Mama mkwe wangu alikuja kutoka Magu wakati Minza akiwa na wiki mbili. Sasa Minza ana miezi minane. Mume wangu anafanya kazi mgodini Geita, huja kila baada ya wiki mbili, kwa hiyo nyumba hii ni sisi watatu. Mama mkwe ndiye anayemwogesha mtoto, anapika uji, anambeba mgongoni mimi nikikunja mashuka. Mashine yeye haziamini. Anasema nguo isiyoona jua haijakauka, imedanganywa. Nepi za Minza anazifua kwa mkono na kuzitandaza juu ya jabali lililo nyuma ya nyumba, kisha ananiambia, "Hili halina swichi."

Jumatatu jabali lilikuwa limelowa. Alikuwa amefua blanketi la mtoto, akalikamua kwa mikono yake, akalitia kwenye draya likiwa bado linachuruzika. Alitaka kunipunguzia kazi.

Jioni nikafungua mlango wa mashine, nikakuta blanketi la baridi na maji chini. Simu ya baba Minza ikaita wakati huo huo. Nikapokea nikiwa jikoni, nikamwambia, "Mama yako ameiua mashine. Nilimwambia asiiguse."

Sikuwahi kumwambia asiiguse. Hilo niliongeza.

Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na Minza mgongoni.

Hakununa. Afadhali angenuna. Alianza kuomba ruhusa. "Mama Minza, naruhusiwa kuwasha taa, au nayo itakufa?" Anasema kwa sauti ya kawaida, kama anauliza chumvi iko wapi. "Naweza kufungua friji, au nisubiri mwenyewe?" Asubuhi nikimwamkia shikamoo, anaitika marahaba, basi. Siku zote marahaba yake ilikuwa na mkia: umelalaje, mtoto amelalaje, maziwa yanatoka. Mkia ukakatwa.

Jumanne mchana akasema Jumamosi anarudi Magu. Mihogo yake inaliwa na mbuzi wa watu.

Siwezi kusema ukweli nusu hapa. Niliogopa maneno ya ukoo, ndiyo. Mama mkwe akirudi kwake kabla ya siku zake, watu wanajua sababu kabla basi halijafika. Lakini nilichoogopa zaidi ni kwamba angekwenda akiamini mimi namwona mshamba asiyefaa kugusa vitu vyangu. Mtu aliyenifundisha namna ya kumlaza mwanangu akacheua.

Na bado niliamini ni yeye aliyeiua. Nilikuwa tayari kumsamehe, yaani.

Leo ndiyo fundi amekuja. Wa kwanza niliyempigia alisema ataunga waya moja kwa moja, aruke fyuzi, mashine iwake. Nikamkatalia. Kitu kilichowekwa kuzuia moto hakiondolewi kwenye nyumba yenye mtoto. Huyu wa leo ametoka Igoma, mtu mzima mwenye mvi, nikamwamkia, akakaa sakafuni na kuufungua mgongo wa mashine bila haraka. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda pembeni, anamlisha Minza uji.

Fundi akaipima koili inayotoa joto kwa mita yake. Nzima. Akapima kidude kidogo kama kifungo cha koti kilichofungwa kando ya koili. Mita haikucheza.

"Huyu hapa. Fyuzi ya joto imekatika."

Nikamuuliza kama si gesi.

"Gesi ya nini, dada? Unataka kukaanga mashuka?"

Mama mkwe akacheka. Kidogo tu, puani, lakini nilisikia. Mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Fundi akaendelea, "Lakini huyu hakatiki hivi hivi. Anajikata joto likikosa pa kutokea. Nikikuwekea mwingine bila kujua sababu, kesho utaniita tena, na utasema fundi mwizi. Bomba la hewa linatokea wapi?"

"Nyuma, kwenye jabali."

Akaanza kuinuka. Nikamwambia akae, nje kuna tope, nitaangalia mwenyewe. Wallahi wakati ule nilikuwa najali viatu vyake tu.

Nikazunguka nyumba. Pale kati ya ukuta na jabali bomba limetokeza kama kiganja kimoja. Mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa kitambaa, kimesukumwa ndani kikakaza. Kanga yangu ya zamani, ya kijani. Imelowa kwa ndani, na kwa nje imeganda wadudu waliokufa.

Nikakumbuka yote kwa pamoja.

Jumapili asubuhi wadudu walikuja wengi. Madirisha nilikuwa nimeyafunga, lakini walikuwa wanapita kwenye bomba, wanatokea kwenye mashine, wanaingia chumbani kwa Minza, wanamkaa machoni. Nikachukua kanga, nikaenda nyuma, nikaziba. Nikajiambia nitaitoa jioni. Jioni Minza akapata homa, nikasahau kama nina jina. Jumatatu asubuhi nikaiwasha mashine, mizigo mitatu mfululizo. Mzigo wa tatu ulitoka na unyevu. Nikalaumu mvua, nikauanika kwenye korido.

Blanketi la mama mkwe liliingia mchana.

Lilikuta mashine imeshakufa.

Nikaichomoa ile kanga. Ningeweza kurudi nayo ndani mkononi, hatua kama kumi na tano hivi. Badala yake nikainua beseni lililofunikwa kifudifudi pale ukutani, nikaiweka chini yake, nikalifunika tena. Nikanawa mikono bombani. Nikaingia, nikasema, "Kulikuwa na manyoya ya nguo na wadudu. Nimetoa."

"Hayo ndiyo yenyewe," fundi akasema. Akafunga fyuzi mpya. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeshamsimulia habari ya blanketi kwenye simu, akamgeukia mama mkwe kwa adabu kabisa. "Na wewe mama, vitu vinavyochuruzika maji usivitie humu. Vinaichosha."

Mama mkwe akafuta mdomo wa Minza. "Nimesikia, baba."

Nilikuwa nimesimama pale. Nina mdomo.

Mashine ikawashwa. Baada ya dakika tano nikatia mkono, joto lilikuwepo, lile zuri la kuingia mpaka kwenye mifupa. Fundi akakusanya vyombo vyake, akaenda. Mama mkwe akachukua nepi zake, akapita mlango wa nyuma kwenda kwenye jabali, maana mvua haikuwa imerudi.

Nimekausha mashuka mpaka saa nane. Kukunja mashuka ni kazi mbaya kwa mtu mwenye jambo moyoni, mikono inajua njia, kichwa kinabaki hakina kazi. Nikajiambia mashine imepona, ya nini kufukua. Nikajiambia anaondoka Jumamosi, maneno yataisha yenyewe. Nikajiambia ni uchovu, na mwanamke anayenyonyesha asihukumiwe kwa kusahau kanga.

Hilo la mwisho ni kweli. Kusahau kanga ni uchovu. Kuificha chini ya beseni si uchovu.

Saa tisa nikaenda chumbani kwake. Mifuko yake miwili ilikuwa kitandani, mkubwa na mdogo, anapanga vitenge. Minza alikuwa amekaa katikati ya mifuko anatafuna kifungo. Nikakaa chini kwenye mkeka.

"Mama, mashine niliiua mimi. Niliziba bomba kwa kanga Jumapili nikasahau kuitoa. Leo nimeiona, nikaificha. Na sikuwahi kukwambia usiiguse, niliongeza ili nionekane nina haki."

Nilisema lote kwa pumzi moja, maana ningepumua ningepunguza.

Alikunja kitenge mpaka mwisho. Akakilaza. Akakipigapiga.

"Ile ya kijani," akasema.

"Uliiona?"

"Jumanne, nikitandaza nepi. Nikafikiri ndivyo inavyotakiwa. Wewe ndiye uliyesoma kitabu chake."

"Na leo?"

"Leo nimepita baada ya fundi, sijaikuta. Ndipo nikaelewa."

Nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Ningesema nini, Mama Minza? Kesi ulikuwa umeshaimaliza Jumatatu. Nikisema, najitetea. Hata mwizi hujitetea."

Minza akatema kifungo, nikakiokota. Nikamwomba radhi, kwa maneno, siyo kwa kuinamisha kichwa tu. Mama mkwe akanyoosha mkono kuelekea mfuko wa gauni langu, ilipokuwa simu.

"Lile neno ulilipeleka Geita. Kalirudishe. Nami nikiwa hapa nasikia."

Nikapiga. Baba Minza alikuwa ametoka zamu, sauti ina usingizi. Nikaweka sauti ya nje. Nikamwambia, "Mama yako hakuiua mashine. Niliiua mimi. Na lile la kumwambia asiiguse lilikuwa la uongo."

Nilisikia mtu anaburuta ndoo huko kwake.

"Mama amesikia?"

"Yuko hapa."

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, baba. Usimgombeze. Nimeshamgombeza siku tatu bila kuinua sauti, inamtosha."

Baba Minza akacheka, na mimi nikalia, nikiwa nimekaa pale pale kwenye mkeka, na mama mkwe akaniacha nilie. Hakunibembeleza. Alinipa Minza nimshike, akaendelea na vitenge.

Baadaye nikapata nguvu ya kuuliza ya Jumamosi.

"Mihogo ni ya kweli," akasema. "Na mbuzi ni wa kweli. Naenda." Akautoa mfuko mkubwa kitandani, akausukuma kwa mguu mpaka uvunguni, akabaki na mdogo. "Huu utanitunzia. Siwezi kubeba mizigo huku na huku kila mwezi."

Basi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Sasa yuko jikoni, nasikia mwiko. Hajaniuliza kama anaruhusiwa kuwasha jiko. Minza ameanza kujigeuza, nina kama dakika mbili.

Kinachonikaa kooni si kanga. Kanga nimeshaifua. Ni kwamba lile neno lilinitoka kirahisi mno, na lile la kuongeza likalifuata bila kuitwa. Nikiwa nimechoka nazungumza na baba Minza karibu kila siku, na karibu kila siku kuna mtu namtaja. Jirani. Shemeji yangu. Mama yangu mzazi. Ni mangapi niliyowabebesha, na hakuna fundi atakayekuja kunionyesha?

Kesho nitatafuta neno moja kati ya hayo. Nitampigia mwenyewe niliyembebesha.