Kipepeo wa Vumilia Amechelewa

Segese, Jumatano mchana

Kaka yangu Edson,

Shikamoo. Sijui kama huko porini kuna anayekuamkia asubuhi, basi hii ya kwangu ipokee kwa wiki zote nane. Kile kifua kimepoa, au vumbi la mawe limekiamsha tena? Sisi huku wazima. Mama anapalilia viazi huku akilalamikia mgongo, kwa hiyo ujue naye ni mzima. Barua nampa Fikirini anayewaletea unga, maana simu yako haipatikani na nimechoka kumsikiliza yule dada wa mtandao.

Nimeinuka sijui mara ngapi tangu nianze kuandika. Siku hizi kukaa kumenishinda.

Unakumbuka siku uliyopita shuleni kutuaga, ukielekea kwenye rashi, yale machimbo mapya ya dhahabu kule mbele ya Ushirombo? Darasa langu la awali lilikuwa limeokota viwavi kwenye mlimao wa shule, tukawatia ndani ya ndoo na kuwafunika kwa vipande vya chandarua. Watoto waliwapima kwa uzi kila asubuhi, kisha wakajipima na wao, waone nani anakua upesi. Kiwavi wa Vumilia alikuwa ameshageuka pupa. Ukainama, ukamwambia mwanao kwamba kipepeo akitoka humo, na wewe utakuwa umerudi. Ni maneno yako mwenyewe, mbele ya watoto ishirini na sita. Mtoto ambaye mama yake tulimzika mwaka jana, ukimwahidi jambo analishika kwa mikono miwili.

Vipepeo wa wenzake walitoka ndani ya wiki mbili. Wa Davis, anayekaa naye benchi moja, alimtua puani, darasa likaangua kicheko hadi mwalimu mkuu, Mwalimu Generosa, akaja kuchungulia. Wa Vumilia hakutoka. Kila asubuhi anainamia ndoo yake, anaguna, anakwenda kukaa. Mwalimu Generosa ameniuliza mara mbili ni pupa gani hii isiyoiva. Nimemjibu kuwa ni baridi ya mvua, huku nimegeukia ubaoni.

Kaka, baridi haina kosa. Ni mimi. Kipepeo wa Vumilia alitoka zamani, siku ya kumi na tatu. Nilimkuta asubuhi kabla ya watoto kufika, mabawa bado mabichi, na wewe hukuwepo. Nikamtoa dirishani, nikatafuta pupa nyingine mlimaoni, nikaining'iniza palepale. Nimefanya hivyo mara tatu. Mimi, niliyesomea kuwafundisha watoto namna kiumbe anavyokua, nimemfundisha mwanao kwamba wa kwake tu ndiye hakui. Naona haya hata kuandika.

Jana ndipo nilipoumbuka. Davis alinifuata wakati wa uji, akaninong'oneza kwamba pupa ya kwanza ilikuwa ya kijani na hii ni ya kahawia, na kwamba Vumilia aliona tangu nilipobadilisha mara ya kwanza. Nikamuuliza mbona hawakusema. Akajibu kuwa Vumilia alimkataza. Alimwambia kwamba kipepeo akitoka na baba hayupo, shangazi atalia, kwa hiyo wajifanye hawajaona.

Mtoto wa miaka mitano ananibeba mimi, mimi nakubeba wewe. Na wewe, kaka, huko unambeba nani?

Pupa iliyopo imeanza kuwa nyeusi, mabawa yanaonekana kwa ndani. Jumamosi haimkuti humo. Hii siibadilishi. Ukija, tutafungua chandarua pamoja. Usipokuja tutafungua vilevile, nami nitalia mbele yake, ajue kwamba shangazi akilia hafi. Hiyo dhahabu imekaa ardhini miaka yote hii, wiki moja haitaiozesha.

Mama anakusalimu sana, anasema na zile gambuti zake ulizoondoka nazo uzirudishe. Vumilia naye anakusalimu. Uzi uliomo ndani ya bahasha ni urefu wake wa leo, ameukata mwenyewe. Amesema nikuandikie kwamba ukija usimpite njiani ukimtafuta yule mdogo uliyemwacha.

Ni mimi mdogo wako,
Lusia