Nyundo Namba Nne

Jumapili, 6 Julai

Hombolo, kando ya bwawa. Nimechemsha chai nje ya gari, vumbi lote limeishia kwenye sufuria. Siku ya pili tunaishi ndani ya Hiace ambayo Emanuel, mume wangu, ameifunga vitanda na kuiita nyumba. Mgongo wangu haukubaliani naye.

Baba hali chakula. Mfuko wake wa turubai haubanduki miguuni pake. Safari kaiomba mwenyewe: anataka kuona makumbusho ya misitu yaliyofunguliwa kwenye ofisi yake ya zamani, alipokuwa Bwana Misitu. Nilidhani angefurahi.

Jumatatu, 7 Julai

Nimetafuta kiberiti kwenye mfuko wa Baba. Nimekuta nyundo. Si ya misumari. Ni ile ya kugongea alama magogo halali, herufi zimechongwa usoni pake.

Nilikuwa darasa la nne ilipopotea. Mathayo, mlinzi wa msitu chini ya Baba, alifukuzwa kazi. Watu wakasema kawauzia wapasua mbao. Wanawe wakaacha shule. Mmoja tulikaa naye dawati moja.

Baba kakiri bila kuniangalia. Aliikuta miezi miwili baadaye, chini ya kiti cha Landrover. Aliisahau yeye mwenyewe.

"Mwanangu, niliogopa."

Basi. Hilo tu. Nina hasira. Emanuel kaniomba nipunguze sauti, naye nikamgombeza.

Jumanne, 8 Julai

Makumbusho. Vyumba viwili, harufu ya dawa ya mchwa. Misumeno ya watu wawili. Picha ya Baba kijana, kavaa kaptula. Siku nyingine ningecheka.

Dada anayetembeza wageni akafungua daftari la kukabidhiana nyundo. Namba nne: imepotea, Mathayo.

"Huyu aliiuza," akasema. Wageni wakacheka.

Baba akaitoa, akaiweka mezani. Dada akafurahi kweli, akauliza imetoka wapi.

"Niliiokota porini."

Nimeona aibu. Nikamwambia mbele ya watu wote: sema kweli, au nitasema mimi. Sijawahi kumwambia Baba neno kama hilo maishani mwangu. Akatoka, akakaa garini mpaka saa nane. Kisha akamwambia Emanuel tuelekee Makutupora. Kumbe miaka yote alijua Mathayo anaishi wapi.

Jumatano, 9 Julai

Tumemkuta Mzee Mathayo shambani, anafunga matawi ya mizabibu kwenye waya. Nikampa shikamoo. Yeye bado anamwita Baba "Bwana Misitu". Iliniuma.

Baba akamweleza yote, wamesimama juani. Mzee akaendelea kufunga tawi moja, la pili, la tatu.

"Mke wangu, Mama Yohana, amekufa akiamini niliiuza," akasema. Hakupaza sauti.

Baba akaanza kuomba msamaha. Mzee akamkatiza.

"Kaandike. Si kwangu. Kabandike kule wanakocheka."

Hakutukaribisha ndani.

Alhamisi, 10 Julai

Daftari hili limepungua karatasi mbili. Nilimchania Baba jana jioni, hatukuwa na nyingine. Aliandika kwa mwandiko wake wa ofisini, akaweka jina na cheo. Kisha akakikata cheo.

Leo tumerudi makumbusho. Dada kasoma kimya, kabandika ukutani juu ya nyundo. Wakaingia walimu watatu, wakasoma. Mmoja akauliza kama huyu aliyeandika bado yu hai.

Baba akanyoosha mkono, kama mwanafunzi.