Si Kovu la Jipu

Keshero, Goma

Mjukuu wangu Bénita,

Hapa tuko, mvua haiachi, na mimi siku hizi hata uji siumalizi.

Unasema unaogopa kupasuliwa ili upunguzwe matiti, na mama yako anapiga kelele kwamba hutanyonyesha. Makovu ya matiti yangu si ya jipu, ingawa ndivyo nilivyowaambia wote. Nami nilipunguzwa, Bukavu, kabla ya kuolewa, kwa kuchoshwa na maumivu ya mgongo.

Inauma, mwanangu. Wiki nzima nililia kila nikikohoa. Baadaye maziwa yalikuwa machache, mama yako akaongezewa ya ng'ombe. Je, amekosa nguvu za kupiga kelele? Lakini vidonda vilipopona, nililala kifudifudi hadi asubuhi.

Mwonyeshe barua hii. Akikasirika, aje anigombeze mimi, ila asikawie.

Koko wako,
Léocadie