Kwa Ambrose Thackwell, Lodi Aliyekosa Hata Kura Yake Mwenyewe

Mwaka umetimia, Ambrose, tangu asubuhi ile ya ukungu ulipotoka kukagua mtaro wa shamba la chini, ukarudishwa umekufa, umelazwa juu ya lango la zizi lililong'olewa kukubebea. Jamaa zako tumezoea mengi, lakini kiti chako mezani bado hakuna anayethubutu kukikalia isipokuwa mbwa, naye hatuna moyo wa kumshusha.

Kalamu ya tangazo hili la kumbukumbu gazetini nimeishika mimi, dada yako Lettice. Nilitangulia kuzaliwa, lakini kwa kuwa nilikuja msichana, ulodi wa Aldreth, cheo cha kurithi cha ukoo wetu, ulinipita ukakungoja wewe. Sikukuonea wivu. Nilikuonea huruma, maana ulirithi jina refu, nyumba inayovuja na kiti katika Baraza la Malodi, na katika hivyo vitatu ni kiti tu kilichokuwa hakidondokewi na maji.

Kiti hicho ulikitumikia. Wenzako walisimama kuzungumzia vita na kodi. Wewe ulisimama kuzungumzia mitaro, kingo za mito, na maji yanayoingia jikoni mwa watu wa mabondeni. Ukitamka tu, "Waheshimiwa Malodi, mtaro...", nusu ya ukumbi inakumbuka chai. Hukujali. Mawaziri wakikuona ukumbini walikimbilia chooni, nawe ukawangojea mlangoni na ramani yako. Ndivyo ukingo wa Aldreth ulivyojengwa. Watu wa nyumba za chini walikuwa wakikuletea mayai, nawe uliyala ukidhani kila mtu Uingereza huletewa mayai.

Tunalikumbuka koti lako lililofungwa kwa kamba ya kufungia nyasi. Tunazikumbuka gambuti zako zilizoingia mpaka sebuleni. Tunakumbuka ulivyompa mbwa nyama chini ya meza ukidhani hatuoni. Hukuwahi kumwita mtu mwongo. Ulikuwa ukisema, "Huenda amesahau." Kwa tabia hiyo, mdogo wangu, wewe ulikuwa wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Na kweli uliuziwa. Mwaka ule serikali ilipoamua malodi wa kurithi watoke barazani, wabaki wachache tu watakaochaguliwa na wenzao, kikundi chenu kidogo kiliachiwa kiti kimoja. Kila mmoja aliandika jina moja kwenye karatasi, kwa siri. Muswada wako wa kingo za mito ulikuwa umefika katikati ya safari. Ukitoka wewe, hakuna wa kuusukuma. Tulikuja London mimi, mkeo Philippa na mwanao Jolyon, tukakaa kusubiri tumevaa kofia zetu nzuri.

Mshindi akatajwa: Gervase, Lodi Stowbeck, rafiki yako tangu shule ya bweni, aliyempita wa pili kwa kura moja. Wewe ulipata sifuri.

Sifuri, Ambrose! Hata mwizi akigombea hakosi kura yake.

"Ulimpigia nani?" Philippa alikuuliza ndani ya treni.

"Kura ni siri, mpenzi."

"Siri gani hiyo inayomla mtu kiti chake?"

Ukatazama dirishani, ukasema mashamba yale yanahitaji mtaro.

Muswada ukafa. Majira ya baridi yaliyofuata mto ukapasua kingo kijiji cha jirani, watu wakalala kanisani huku magodoro yao yakielea nyumbani. Gervase barazani hakufungua mdomo ila kupiga miayo. Lakini kila mwezi, Jumapili, alikuja kwetu kula kondoo wa kuoka, nawe ulimkatia kipande cha karibu na mfupa.

Hapo ndipo tulipoanza kushuku. Tulimshuku yeye: mbona hakutazami machoni unapompakulia? Tukakushuku wewe: mbona unapiga mluzi? Mtu aliyefukuzwa barazani hapigi mluzi. Philippa akaificha sheri nzuri, ile divai ya wageni, akamwekea ile ya kupikia. Gervase akainywa yote na kuisifu, nasi tukazidi kushuku, kwa sababu mtu asiye na hatia angelalamika.

Wewe ukaenda kugombea halmashauri ya kijiji. Ulitoka kupiga kura ukitabasamu, ukatuambia, "Safari hii nimempigia mtu ninayemwamini." Ukashinda, ukarudi kwenye mitaro yako, na hatukupata neno jingine kutoka kwako.

Mwezi uliopita Gervase alipiga simu. Aliomba jina lake liwemo katika tangazo hili, kati ya wale wanaokukumbuka. Tukamkaribisha chakula cha mchana. Nilingoja mpaka mdomo wake ukajaa.

"Gervase, siku ile ulimpigia kura ndugu yangu?"

"Bila shaka, Lettice. Tuliahidiana. Yeye aniandike mimi, mimi nimwandike yeye. Kujiandika mwenyewe ni utovu wa adabu, kama kujipakulia kabla ya mgeni."

"Alipata sifuri."

Akaacha kutafuna.

"Sifuri, Gervase. Kura yako ingekuwemo, ningeisikia ikisomwa. Siku ile nilivaa kofia, sikuziba masikio."

Akaweka uma chini. "Nilishika kalamu nikiwa na jina lake kichwani," akasema. "Mkono ukaandika langu."

"Mkono wa nani?" Philippa akauliza. "Wa jirani?"

"Na Baba alijua?" akauliza Jolyon.

"Alijua kabla hatujafika mlangoni. Yake alinipa mimi, yangu hakuiona. Kwani hesabu hiyo ni ngumu? Alinishika bega akaniambia, 'Jifunike vizuri, Gervase. Kile kiti kinapigwa na upepo mgongoni.' Hakulitaja tena mpaka alipokufa. Nilikuwa nakuja hapa kila mwezi nikiomba kwa Mungu kwamba Ambrose anitukane. Yeye ananiongezea viazi."

Tukampeleka jikoni akasubiri huko.

"Haingii," akasema Philippa. "Alipora kiti, na kondoo wetu akamla."

"Watu walilala kanisani kwa sababu yake, Shangazi," akasema Jolyon.

Mimi nilisema hata kwenye ukurasa wa mnada wa ng'ombe nisingemweka. Lakini wewe ulikuwa mtu wa baraza, na nyumba ya mtu wa baraza haiamui mambo kwa kelele. Tukachukua kofia yako, tukakata karatasi tatu, kila mmoja akaandika ndiyo au hapana amewapa wenzake mgongo. Philippa ndiye aliyeweka sharti: "Akipata hata moja, ataingia. Si ndiyo hiyo moja aliyomnyima Ambrose?" Alilisema kama mtu anayejua mlango umeshafungwa.

Jolyon akatikisa kofia, akasoma. Hapana. Hapana. Ndiyo.

Ile ndiyo ilikuwa ya herufi kubwa kubwa, mwandiko wa mtu anayejificha.

"Nani huyu?" akauliza Jolyon.

"Usinitazame mimi," akasema Philippa. "Mtazame shangazi yako, ndiye aliyempa pudini mara ya pili."

"Wifi, nilimpa ili ashibe aondoke!"

"Basi ni wewe, Jolyon."

"Mama, mimi ni msomaji tu!"

Tangu siku hiyo nyumba hii haina amani. Mimi namshuku Philippa, kwa kuwa ile sheri nzuri imeonekana tena kabatini. Philippa ananishuku mimi, na sababu hataki kuitaja. Jolyon anatushuku sote wawili, naye ana uso wa mtu anayestahili kushukiwa. Na nikiwa peke yangu, Ambrose, nakushuku wewe. Herufi zile ni kama zile ulizoandika kwenye ramani zako.

Nilikwenda jikoni kumpa habari. "Umepata kura moja, Gervase. Jina lako litaingia."

Akauliza, "Ya nani?"

Nikamwambia hakuna anayekiri. Akatikisa kichwa, akakunja mikono ya shati lake la hariri, akaosha vyombo vyote, vibaya.

Unakumbukwa na mkeo Philippa. Na mwanao Jolyon, Lodi Aldreth wa tano, ambaye sasa paa linamvujia yeye. Na dada yako Lettice. Na watu wa nyumba za chini, ambao bado wanaleta mayai. Na mbwa wako Bramble. Na, kwa kura moja, rafiki yako Gervase.

Maadamu tupo hatutakusahau, Ambrose. Lala pakavu.