Mwenye Nyumba Yuko Masasi

Shangazi Yuliana mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, maana ninayokueleza hata mume wangu aliye kazini Mbeya hayajui.

Mimi ni karani wa shule, tuna nyumba Goba yenye vyumba sita vya kupangisha na mimi naishi hapohapo, na tulipomaliza kujenga dalali aliyetuletea wapangaji akaniambia dada, wakijua nyumba ni yako hutapumua, mara choo, mara taa, sema na wewe umepanga tu, mwenyewe ni mzee yuko Masasi, basi nikakubali, nikampa na jina, Mzee Kasiani, na wakilalamika nasema nimempigia amekataa, na wakimsema uani na mimi namsema, tena kuliko wao.

Juzijuzi mfuniko wa shimo la choo ukapasuka, wakaniomba nimwambie mzee, nikajibu kasema tuvumilie, mpaka Atuganile wa chumba cha mwisho akatumbukia, mguu ukavunjika, na aliporudi kutoka hospitali na hogo lake la plasta mguuni akakaa barazani akalia, "Huyo mzee Mungu amlipe," na mimi, Shangazi, nikaitikia amina.

Wenzake wakataka twende kwa mwenyekiti wa mtaa. Nikaogopa, nikasema mzee mahututi, amelazwa. Nilidhani watanyamaza, kumbe wakachangishana wakanunua shuka nimpelekee, na aliyelileta ni Atuganile na magongo yake, akasema, "Dada, mie nilimwapiza, kumbe masikini mgonjwa. Mwambie anisamehe."

Shuka liko chini ya kitanda changu. Nimewaza niseme mzee amefariki, lakini rambirambi zao nitazipokeaje? Naona aibu hata kutoka uani kufua. Nifanyeje?
M., Goba

Marahaba mwanangu. Pole, maana aibu hiyo ni ya kweli na afadhali unayo. Lakini pole yangu inaishia hapo. Mtu amevunjika mguu kwa sababu uliona tabu kusema nyumba ni yako. Dalali alichukua chake akaenda zake, uongo umebaki nao wewe. Na huyo mzee usithubutu kumuua! Watakodi gari wakamzike, utawapeleka wapi?

Majina nimeyabadilisha, ila wanaokaa uani kwako watajijua, na gazeti hili linasomwa hata Goba. Kwa hiyo ni leo. Asubuhi mwite fundi amwage zege la mfuniko mpya, maana watoto wanapita pale. Kisha nenda kwa Atuganile peke yako, na shuka lao mkononi, umwambie mzee wa Masasi ni wewe. Usimtaje dalali. Usilie kabla yake. Matibabu yake ni juu yako, na kodi usimdai mpaka atembee.

Wengine waite uani uwaambie hayohayo, na mumeo mpigie kabla hajasikia kwa watu. Watakutukana, nyamaza. Anayetaka kuhama mrudishie kodi ya miezi iliyobaki, bila kununa. Wanaobaki waambie wazi siku ya kodi ni lini na fundi anaitwa na nani. Unaruhusiwa kukataa jambo, mwanangu, ila kwa mdomo wako mwenyewe.

Halafu siku moja mvua itanyesha, bati litavuja, na mpangaji atakuja kukugongea mlango wewe. Mfungulie.