Mkono Wako wa Kushoto

Mama,

Nimekuchonga vibaya, na ni heri habari hii uipate kwangu kwanza.

Unakumbuka ile Jumamosi ulipokuwa off kazini, ukanipeleka kwenye makumbusho kuona ile michoro ya Waholanzi niliyokuwa nakusumbua nayo? Tuliambiwa tunawe mikono kabla ya kukaribia meza. Wewe ukanawa mpaka kwenye viwiko, kama uko wodini, hadi yule dada msimamizi akacheka. Kisha akatuwekea karatasi ndogo ya miaka mia nne hivi: mama wa Kiholanzi amekaa mlangoni, anashona. Mimi nilitazama mistari ya kivuli chini ya kiti. Wewe ulitazama mkono.

"Ona, huyu ni wa kushoto kama mimi," ulisema. "Na hakuna aliyempiga na mwiko."

Nyanya alikupiga sana kwa ajili ya mkono huo. Hata hapa ughaibuni, Carrollton, kwenye chakula cha kanisani, bado ulikuwa unapakua kwa mkono wa kulia, polepole, ukimwaga mchuzi. Baada ya siku ile uliwaambia manesi wenzako wote kwamba Waholanzi waliwachora watu kama wewe.

Mama, nilijua. Fundi alichonga bamba la shaba, akalipaka wino, akalikandamiza kwenye karatasi, na kila kitu kikageuka, kulia kukawa kushoto. Yule mama alikuwa anashona kwa mkono wa kulia. Tukirudi kwenye gari nilifungua mdomo mara tatu, lakini ulikuwa unaimba. Nisamehe. Sijui kama nilinyamaza kwa kukupenda au ni huu woga wangu tu.

Sasa mwalimu wa sanaa ametupa kila mmoja bamba lake. Nilichagua picha yako ukigeuza chapati. Wiki mbili nilikuchonga vile ulivyokuwa, kwa mkono wa kushoto. Mimi, na vitabu vyote hivyo nilivyosoma, nilisahau. Nadhani nilikuwa nakutazama sana. Nilipoinua karatasi, uso ulikuwa wako, kitambaa cha kichwa ni chako, lakini chapati ulikuwa unaigeuza kwa mkono wa kulia. Ulifanana na binti aliyemtii mama yake.

Mwalimu aliipenda. Anataka kuitundika Ijumaa kwenye maonyesho. Anti Mwende alikuja kutoka Sugar Land, akaitazama kwa muda mrefu.

"Haya, mama yetu angefurahi," akasema. "Mwishowe umemnyoosha dada yangu."

Alikuwa anatania. Alicheka, kisha akajifuta macho na taulo ya jikoni. Mimi sikuweza kucheka.

Nimeomba bamba jingine. Halitakuwa tayari Ijumaa, kwa hiyo mahali pangu ukutani patakuwa patupu, na itabidi nisimame mbele ya watu nieleze kwa nini. Unanijua nikiwa mbele ya watu. Lakini nitaeleza.

Ili utoke wa kushoto, lazima nikuchonge wa kulia. Ni vigumu, Mama. Kila mstari, mkono wangu unakataa. Nimefika kwenye kifundo cha mkono na nimekwama hapo, kwa sababu nimeanza kusahau jinsi vidole vyako vilivyokaa, na kwenye picha moshi wa kikaango umevifunika.

Pumzika kwa amani. Nitachonga polepole, na sitakutundika popote mpaka uwe wewe.

Mutheu wako