Motokari Yako Imepanda Mulima

Baba Neema, bwana yangu ya roho,

Najua uko chini ya udongo unapumuzika, lakini leo utasikia tu, kama siyo vile tumbo yangu itapasuka! Motokari yako imepanda mulima ya Kpandroma. Na muzigo yote: chumvi, sabuni, mihogo, na miye mwenyewe kiti ya mbele, na unajua sikupunguka.

Unakumbuka siku ulivalisha motokari yile mapine kubwa? Avenue yote ilitoka inje. Ulikuwa unaizunguuka kama jogoo. "Mama Neema, sasa potopoto, ile matope ya Mongbwalu, itaniogopa!" Na kweli, potopoto ilikuogopa. Mulima njo ilikataa. Unatia vitesi ya kwanza, motokari inalia kama mbuzi ya sikukuu, ambrayaje, ile ya kukanyaga mbele ya kubadilisha gia, inanuka kama kitambaa ya kikwembe inaungua, na buate ya vitesi, ile sanduku ya gia, inapata moto ya kukaanga mayai.

Siye wote tukasema: jicho ya batu! Nikaita bamama ya maombi. Bakapakaa mafuta ku mapine, bakakemea shetani mpaka sauti zikakauka. Weye ukachungulia ku dirisha: "Ombeni, bamama, lakini mutoke nyuma, naweza kurudi!"

Halafu ugonjwa ikakubeba. Bandugu yako bakasema: "Siku ya kumaliza matanga, kama motokari haipande na muzigo, tutaiuzisha vipande vipande." Vipande, Baba Neema! Ile usukani ulikuwa unapangusaka kuliko sahani yangu!

Nikakimbilia fundi Dieudo, ule ulikuwa unamuitaka Ndevu. Akanifafanulia mpaka nikasikia, miye wa darasa ya tatu. "Mama, pine kubwa ikizunguuka mara moja inakula njia mingi. Ya kwanza inakuwa sawa na ya pili. Buate na ambrayaje njo vinateseka."

"Basi turudishe mapine ndogo?"

"Potopoto itakumeza, mama."

Akafungua ile tumbo ya chuma katikati ya mapine ya nyuma, banaiita ponti, akatosha meno ya zamani, akatia ya motokari ingine yenye kufa. Sasa injini inazunguuka mingi mbele ya pine kuzunguuka moja. Mbio inapunguka, nguvu inarudi. Sawa na kinga, baiskeli yenye meno mingi nyuma: miguu inakimbia, lakini mulima inakuwa mwepesi. Aa, pale nikakumbuka kinga yako ya uchumba! Unanibeba, jasho inatiririka, unasema, "Hauko muzito hata kidogo." Bongo, uongo mutupu!

Basi leo, siku ya kumaliza matanga, Neema njo alishika usukani. Ndiyo, mutoto yako, vile ulimufundisha. Kaka yako mukubwa alikaa ku mulango, mukono tayari kuifungua aruke. Mulima ikaanza. Neema akatia ya kwanza, akatia ya pili. Hakuna kulia. Hakuna harufu. Nilikuwa navuta pua kama imbwa, nikasikia harufu ya sabuni tu!

Tulipofika juu, kaka yako akaachilia mulango, akakohoa. "Eee, shemeji... wiki kesho mutanibakishia nafasi? Niko na mahindi."

Nikacheka mpaka kitambaa ikaanguka. Neema akapiga ile honi yako ya kufika nyumbani. Na miye, Baba Neema, nikaanza kushuka mbio nikuwekee maji ya kuoga ku moto. Mguu ilikuwa tayari inje njo nikakumbuka tuko juu ya mulima.

Lala sasa. Motokari haiuzishwe.

Bibi yako, ule wa kinga, ule hakuwa muzito hata kidogo,
Mama Neema